Mkalimani Aliyelainisha Salamu

Kutoka mlango wa boma mpaka mlango wa Mkalimani zilikuwa hatua chache tu, mbuzi mchovu angezimaliza kabla hujamaliza kujifunga kaniki yako. Mkalimani alianza kuzitembea adhuhuri na kufika kwake jua likielekea kuzama. Miguu yake ilikuwa mizima kabisa. Alikuwa anasalimia.

Alikuwa jirani yangu miaka yote niliyouza uji pale Dodoma, wakati wa Mdachi, baada ya reli kufika na kabla ya vita. Jina alikuwa nalo kama watu wote, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Askari, wapagazi, wazee walioleta mashauri yao, wote walimwita Mkalimani, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Mume wangu alikuwa fundi wa reli, alikwenda reli ilikokwenda, kwa hiyo sauti niliyoisikia kuliko zote katika miaka ile ilikuwa ya huyo bwana wa upande wa pili wa ukuta. Namweleza kwa sababu siku moja mgongo wa baba yangu uliwekwa mikononi mwake, na angekuwa mtu wa namna nyingine mgongo ule ungechanwa kwa kiboko mbele ya watu. Nitafika huko. Ila siku ile haieleweki mpaka ujue kwanza alivyokuwa akiamkia watu.

Alijua salamu za kila kabila lililopita Dodoma, na hakuzichanganya. Mtu wa Kondoa alipewa ya dini kwanza, halafu ya safari, halafu ya milima, na mwisho kabisa ya punda. Alikuja Mrangi mmoja muuza asali, mtu mwenye subira ya ajabu, na hao wawili walikuwa na mchezo ambao hakuna aliyekiri kwamba ni mchezo: kila mmoja hakutaka kuwa wa kwanza kumaliza. Waliketi kwenye gogo langu, wakanywa uji wangu, mmoja akameza na mwingine akauliza.

"Na watoto?" aliuliza muuza asali.

"Alhamdulillahi," alijibu Mkalimani. "Na wako?"

Mkalimani hakuwa na mtoto hata mmoja. Nilipomuuliza baadaye kwa nini asiseme tu kwamba hana, alinitazama kwa huruma. Alisema mwenzake aliuliza kwa wema, na kumjibu "sina" ingekuwa kumrudishia wema wake usoni. Siku hiyo asali haikuuzwa hata kidogo, na muuza asali alirudi Kondoa akiwa na furaha tele.

Kwetu Wagogo ndiko alikoipata kazi yake. Kwetu huanzi na neno lako. Mtu akifika na kuanza na neno lake, watu wanatafuta maji, wanadhani nyumba yake inaungua. Kwanza ni mbukwa, nawe unaitikia mbukwa, halafu nyumba, halafu wake, halafu ng'ombe, na ng'ombe hawaulizwi kwa jumla kama magunia. Anaulizwa yule aliyevunjika pembe, anaulizwa aliyezaa juzi, anaulizwa ndama wake. Kisha majani, kisha maji, kisha mawingu ya upande ule na upande huu. Na muda wote huo mmeshikana mikono. Ukiona wazee wawili wamesimama njiani hawasogei, usiwapite katikati.

Wadachi salamu yao ilikuwa moja, na nusu yake ilibaki mdomoni. Bwana Shauri, yaani yule Mdachi aliyekaa bomani kusikiliza kesi za watu, alikuwa mrefu, mwekundu, na mwenye haraka mithili ya mtu aliyeacha chungu motoni. Alitoa mkono, akakubana vidole mpaka vikalia, akaurudisha mkono wake mara moja. Baba yangu, ambaye alikuwa jumbe wa kijiji cha upande wa Haneti, alipopewa mkono huo mara ya kwanza aliushika na kuanza salamu. Bwana Shauri alivuta. Baba hakuachia, maana walikuwa hawajafika hata kwa ng'ombe. Bwana Shauri akavuta tena, shingo ikazidi wekundu, na Mkalimani akasimama katikati yao akitabasamu kwa wote wawili, akizungumza haraka haraka kwa lugha mbili, mpaka baba akafika kwenye mawingu na kumwachia mzungu mkono wake.

Mimi nilielewa Kigogo na nilielewa Kiswahili, kwa hiyo nadhani nilikuwa mtu pekee pale barazani, nilikouzia uji wangu, aliyesikia yote aliyoyafanya. Bwana Shauri alikuwa na Kiswahili chake, alichokisoma kwao kitabuni. Alisema, kwa mfano, "Vijana wa barabara wako wapi?" Maneno hayo matano tu. Mkalimani alimgeukia mzee aliyeketi chini, akakohoa kidogo, na kumwambia kwa Kigogo: Bwana amekuona umefika, naye amestaajabu jinsi jua hili lilivyokutendea njiani. Anauliza mkeo mkubwa, kiuno chake kinaendeleaje. Anauliza yule dume mweusi. Kwao pia kuna ng'ombe, anasema, lakini hawana pembe kama za wenu. Na kama moyo wako umetulia, angependa kusikia kuhusu vijana wa barabara.

Mzee alifurahi, akajibu kwa muda mrefu kuhusu kiuno cha mkewe. Mkalimani alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Bwana Shauri na kusema, "Wanakuja kesho." Nilikuwa naficha kicheko ndani ya kibuyu cha uji. Nilipomwambia ukutani jioni kwamba anamsingizia Bwana maneno, alikasirika kweli.

"Mimi siongezi, binti Jumbe," alisema. "Nalainisha."

Na usidhani alikuwa mpole hivyo saa zote. Asubuhi, kabla hajanawa uso, hakutaka kusalimiwa na kiumbe chochote. Ukimwambia neno aliinua kidole kimoja juu bila kukutazama, akapita kwenda kwenye mtungi. Akishanawa na kuvaa kanzu na tarbushi yake, alirudi mpaka mlangoni kwangu, akasimama kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana mwezi huu, na kungoja nimwamkie. Nikimwambia "shikamoo" huku nakoroga, aliitikia "marahaba," kisha akangoja nigeuke nimtazame, niseme tena vizuri. Uji uliungua mara nyingi kwa ajili yake. Nilimchukia asubuhi, na kufika jioni nilikuwa nimemsamehe.

Aliyempa kazi kubwa zaidi alikuwa Bwana Shauri mwenyewe alipoanza kujaribu adabu. Nadhani barua ilitoka juu kwamba wakubwa wazungumze na watu kwa upole. Basi akasoma kitabu chake, akatoka barazani watu wamejaa, akaja moja kwa moja mpaka kwenye chungu changu, akapiga visigino pamoja na kuniambia, "Shikamoo."

Baraza zima liligeuka kunitazama. Nilikuwa na umri wa binti yake, na mkono wangu ulikuwa na masizi hadi kwenye kiwiko. Nilimtazama Mkalimani, naye alikuwa ameangalia juu kana kwamba ndege fulani anapita. Kwa hofu nikasema, "Marahaba." Ningefanya nini? Bwana Shauri aliridhika, akarudi mezani. Mwezi mzima baadaye askari waliniita Mama Bwana Shauri, na walipotaka uji wa bure waliniomba niwaombee kwa mwanangu. Nilimwambia Mkalimani akamweleze mwenye kosa. Alikataa. Alisema mtu akijaribu adabu mara ya kwanza hasahihishwi siku hiyo hiyo, la sivyo hajaribu tena.

Sasa sikiliza jambo hili, kwa sababu ndilo lililokuja kuleta balaa. Kwetu, na kwa Waswahili wengi pia, ukiulizwa habari unasema njema. Unasema njema kwanza, hata kama nyumba imebomoka. Habari mbaya hazimwagwi mlangoni, mtu hajaketi. Unamwambia njema, mnakaa, mnavuta pumzi, halafu unasema "ila," na baada ya ila ndipo unatoa ulichokuja nacho. Mjomba wangu alipofika siku moja kutoka kijijini nilimuuliza watoto, akasema wazima. Nikauliza mvua, akasema imenyesha kidogo. Nikauliza shangazi.

"Hajambo," alisema mjomba. "Ila tulimzika juzi."

Mkalimani alikuwa amekwisha kuvua tarbushi upande wa pili wa ukuta kabla mjomba hajafika kwenye ila. Alikuja kukaa nasi msibani, na baadaye aliniambia alijua tangu kwenye mvua, kwa jinsi mjomba alivyovuta pumzi. Sikio lake lilikuwa la hivyo. Watu walidhani kazi yake ni kujua maneno, kumbe kazi yake ilikuwa kusikiliza pale ambapo mtu hajasema bado.

Basi masika yale Mkalimani akashikwa na homa, akalala ndani siku nne. Siku ya tatu Bwana Shauri akaamua kusafiri kwenda Kondoa na mizigo yake. Njia ile ilivuka korongo kwa daraja la magogo, na kijiji cha baba ndicho kilichowekwa kulitunza. Mvua kubwa ilikuwa imeshuka usiku uliopita na kulichukua daraja lote, na baba, mzee wa watu, alitembea tangu alfajiri kuja kuleta habari. Akamkuta Bwana Shauri nje ya boma, amekwisha kupanda nyumbu wake, wapagazi wamejitwika. Hakukuwa na mkalimani. Nilikuwepo, nimebeba chungu, hatua kumi kutoka kwao.

"Jumbe," alisema Bwana Shauri kwa Kiswahili chake, "habari za daraja?"

Baba Kiswahili alikuwa nacho kidogo, na hicho alikijua vizuri. "Njema, Bwana," alisema.

Akavuta pumzi. Alikuwa anaipanga ila yake. Bwana Shauri akasema, "Vizuri," akampiga nyumbu kisigino, akaenda. Nilimwona baba amesimama mdomo wazi, mkono mmoja mbele, na mtu aliyekuja kumwambia neno anazidi kuwa mdogo barabarani. Tulimkimbilia, mimi na yeye, lakini nyumbu wa serikali hakuwa na mazoea ya kungoja.

Bwana Shauri alirudi jioni ya siku hiyo kwa miguu. Alikuwa na buti moja. Masanduku yake yalikuwa yameteremka na maji, pamoja na sufuria zake, na nyumbu alikuwa ameonekana mara ya mwisho akielekea upande aliouchagua mwenyewe. Ashukuriwe Mungu hakuna mpagazi aliyekufa. Bwana Shauri hakubadilisha hata nguo. Alisema jumbe amedanganya serikali, amemwambia daraja ni jema ili afe, na kesho asubuhi barazani atapata hamsa ishirini. Hivyo ndivyo watu walivyokiita kiboko cha siku zile, kwa idadi yake ya mapigo ishirini na matano, na hakuna aliyehitaji maelezo.

Baba akalala mahabusu. Mtu wa umri wake, viboko vile vingeweza kummaliza. Na asipokufa, angerudije kuketi na wazee wenzake, amelazwa kifudifudi mbele ya vijana aliokuwa akiwatuma? Nilikwenda kwa Mkalimani nikamkuta amejifunika blanketi mpaka masikioni, anatetemeka. Sikumwamkia. Ilikuwa mara ya kwanza, na yeye mwenyewe hakusema kitu juu ya hilo. Nilimweleza yote huku nalia.

"Aliulizwa daraja tu?" aliuliza.

"Daraja tu."

"Na akasema njema, halafu Bwana akaondoka."

"Ndiyo."

Alishusha blanketi kutoka masikioni. "Nitakuja kesho," alisema. "Kuna neno la kumwambia yule bwana. Nikishalisema sidhani kama nitabaki kuwa jirani yako. Sasa niletee uji, maana siwezi kulisema na njaa."

Asubuhi baraza lilijaa. Wazee wa vijiji vitatu walikuwa wamekuja, wameketi chini kwa safu, na baba alikuwa amesimama kati ya askari wawili akiwa na shuka lake begani. Kiboko kilikuwa juu ya meza. Bwana Shauri akatoka ndani, na kila mtu akaona jambo moja: shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba likafunga jicho nusu. Jino. Alikuwa anakanyaga ardhi polepole ili lisisikie.

Mkalimani alisimama, blanketi mabegani, tarbushi kichwani, akamwamkia kwa Kiswahili na kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.

"Umeamkaje, Bwana?"

"Vizuri," alisema Bwana Shauri kwa upande mmoja wa mdomo.

"Umelala usingizi?"

"Vizuri."

"Na chakula cha jana kilipita?"

"Vizuri. Anza shauri."

Mkalimani akawageukia wazee na kuwafasiria kwa Kigogo, neno kwa neno, bila kulainisha chochote: Bwana anasema ameamka vizuri, amelala vizuri, amekula vizuri. Wazee wakaitikia "eee" kwa pamoja. Kisha wote wakainama mbele kidogo, macho kwenye lile shavu, wakanyamaza. Hakuna aliyewafundisha. Walikuwa wamekaa tu kama watu wenye adabu wanavyokaa. Kimya kikawa kirefu, nzi wakasikika, na mimi nikauma pindo la kaniki yangu, sikujua kicheko au hofu, kipi kitatangulia.

"Wanangoja nini hawa?" aliuliza Bwana Shauri.

"Wanangoja ila, Bwana."

"Ila gani?"

"Ila jino," alisema Mkalimani.

Bwana Shauri akaweka mkono shavuni kama aliyefumaniwa.

"Umesema vizuri mara tatu, Bwana," Mkalimani aliendelea, akilikaza blanketi mabegani. "Wazee wote hawa wanaona shavu. Hakuna hata mmoja aliyefikiri unadanganya. Wamejua umetangulia na njema kwa sababu una adabu, na habari yenyewe inakuja, nao wameingoja. Jumbe naye alitanguliza njema. Wewe hukungoja. Ulipanda nyumbu ukaifuata njema mpaka korongoni."

Nilitazama kiboko. Nilitazama baba, ambaye hakuelewa nusu ya yale maneno na alikuwa anamtazama Bwana Shauri kwa huruma ya kweli kwa ajili ya lile jino. Halafu Bwana Shauri akatoa sauti. Kwanza nilidhani ni hasira, kumbe alikuwa anacheka, na kucheka kulikuwa kunamuumiza, akashika shavu kwa mikono miwili, akacheka tena, akaugulia, machozi yakamtoka. Wazee wakacheka kwa kuwa yeye anacheka. Askari wakacheka wakiangalia pembeni. Akasema jumbe aende nyumbani, ajenge daraja upya. Nami nikakaa chini palepale, mavumbini.

Lakini alipomaliza kucheka, alimgeukia Mkalimani.

"Mimi nasema maneno matano," alisema, "na wewe unawaambia hamsini. Siku zote. Huwa unawaambia nini?"

Angeweza kumdanganya. Sikio la Bwana halikufika Kigogo. "Huwa nawaamkia kwa niaba yako, Bwana," alisema Mkalimani.

Ilitosha. Mkubwa anaweza kumsamehe mzee aliyemtumbukiza majini, lakini hawezi kuendelea kukaa na mtu aliyekuwa na adabu badala yake mbele ya watu miaka yote hiyo. Kabla ya juma kwisha ilitoka amri kwamba Mkalimani ahamishiwe Tabora, kwenye stesheni, kuita majina ya wapagazi.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza na kibuyu cha uji. Gari moshi lilikuwa limesimama linapumua. Baba akatokea kwa mbali, anatembea haraka kuliko nilivyopata kumwona, amepaka mafuta kana kwamba anakwenda harusini. Alimshika Mkalimani mkono pale mlangoni pa behewa na kuanza kumuaga, na kwetu kuaga si kufupi kuliko kusalimia. Mbukwa, mbukwa. Akauliza homa. Akauliza mizigo. Kengele ya stesheni ikapigwa, baba hakuisikia, au aliisikia akaiacha. Akafika kwenye ng'ombe.

Hapo mtu asiye na ng'ombe hupitwa kwa upole, anaulizwa majani na mvua, asifedheheke. Ndivyo kila mzee alivyokuwa akimfanyia Mkalimani tangu afike nchi yetu, na ndiyo maana salamu zake na wenyeji, yeye mwenyewe bingwa wa salamu, zilikosa sehemu ya ng'ombe, ile iliyo ndefu kuliko zote. Sikuwahi kulitambua hilo mpaka dakika ile.

Baba hakumpita. "Na ng'ombe wako hajambo?" aliuliza.

Mkalimani aliona aibu. "Mzee, unajua mimi sina ng'ombe."

"Unaye. Mtamba. Yuko zizini kwangu tangu juzi, amekaa na wenzake."

Gari likaanza kusogea. Baba hakuachia mkono, akawa anatembea nalo sambamba, nami nyuma na kibuyu, na abiria wote wametoa vichwa nje.

"Rangi gani?" aliuliza Mkalimani.

"Mwekundu. Paji jeupe."

"Pembe?"

"Ndiyo zinaota," alisema baba, akakimbia kidogo, akamwachia.

Mwezi uliofuata alifika kijijini mpagazi asiyejulikana na mtu, mavumbi mpaka kwenye nyusi, akaulizia tembe la jumbe. Alisema ametokea Tabora, na kuna bwana mmoja wa stesheni aliyemwita jina lake, akamshika mkono hakumwachia, mpaka akaahidi kupita huku kuuliza yule mtamba mwekundu ameamkaje. Baba alimpa kigoda na maji. Kisha akasimama, akaliweka sawa shuka lake begani, na kuanza kumjibu kuanzia kwato.